Ziwa Sonachi halina mto. Maji yake yanatoka wapi, na hifadhi inalinda nini hasa?

SWALI

"Niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu katika hifadhi ya Crater Lake, upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha karibu na Kongoni. Tuliwaona twiga, pundamilia na mbega, kisha tukateremka hadi kwenye ziwa dogo la kijani lililo ndani ya kasoko, yaani shimo la volkeno, na mwelekezi alisema ziwa hilo linaitwa Sonachi. Wanafunzi waliniuliza maswali ambayo sikuyajibu nikaridhika. Ziwa hili haliingiwi na mto wowote, mbona halikauki? Mbona maji yake ni ya magadi ilhali ya Naivasha, kilomita chache tu kutoka hapo, yananywewa na ng'ombe? Na kwa kuwa limo ndani ya hifadhi, si liko salama?"
Mwalimu wa jiografia, Nakuru

JIBU

Mwalimu, nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo ambalo wageni wengi hawafikirii hata kuliuliza. Hapana, kuwa ndani ya hifadhi hakutoshi. Mpaka wa hifadhi unawalinda twiga wako na mbega wako, na unailinda miti iliyo kwenye kingo za kasoko. Maji ya ziwa lenyewe yanapita chini ya mpaka huo bila kizuizi, nayo yanategemea mambo yanayofanyika mbali sana na lango mlilolipia kiingilio. Ukishajua yanavyoingia, yale maswali mengine mawili hayatakupa taabu.

Hesabu ya kwanza mnaweza kuifanya ubaoni. Naivasha iko kwenye kivuli cha mvua: milima ya Aberdare upande wa mashariki na Mau upande wa magharibi huchukua sehemu kubwa ya mvua kabla haijafika sakafu ya Bonde la Ufa. Kinachobaki ni milimita 600 na kitu kwa mwaka. Lakini jua la hapo ni kali, hewa ni kavu, na uvukizaji kwenye maji yaliyo wazi hupita milimita 1,700 kwa mwaka. Toa moja kwa nyingine. Kila mwaka ziwa la hapo hupoteza zaidi ya mita nzima ya maji ambayo mvua hairudishi. Sasa Sonachi ni ziwa la chini ya hekta 20, na watafiti waliolipima katika karne iliyopita walikuta kina cha mita chache tu hata pale panapozama zaidi. Kuta za kasoko huteremsha maji kiasi mvua ikinyesha, ila eneo linalokusanya maji hayo ni dogo, na udongo wa majivu ya volkeno huyanywa upesi. Kwa hesabu hiyo Sonachi lingepaswa kuwa dimbwi la msimu, au tope lililopasuka. Mlilikuta limejaa, kwa hiyo kuna maji yanayoingia bila kuonekana.

Yanaingia kutoka chini ya ardhi, na chanzo chake kikuu ni Ziwa Naivasha. Kila siku jua huondoa maji kwenye uso wa Sonachi, uso ukashuka, na maji yaliyomo kwenye miamba yenye nyufa na tabaka za majivu yakavutwa kuja kuziba pengo. Ushahidi mkubwa ni mwenendo wa maziwa yenyewe. Katika kumbukumbu za miongo mingi, Naivasha likipanda Sonachi hupanda, Naivasha likishuka Sonachi hushuka. Maziwa mawili yaliyotenganishwa na nchi kavu hayawezi kufuatana hivyo kwa bahati.

Sasa magadi. Miamba ya volkeno ya sehemu hii ya Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Maji yakipenya katikati yake hubeba sodiamu na bikabonati, ambazo ndizo mali ghafi ya magadi. Naivasha nalo hupokea chumvi hizo, kwa hiyo tofauti haiko kwenye kinachoingia. Tofauti iko kwenye kutoka. Mito ya Malewa na Gilgil huliletea Naivasha maji mapya, na ingawa hakuna mto unaotoka juu ya ardhi, sehemu ya maji yake huzama na kusafiri chini kwa chini, yakiondoka na chumvi yake. Ndiyo sababu ziwa lisilo na mto wa kutokea limebaki na maji yanayonyweka, jambo ambalo hapo kale liliwasumbua sana wanajiografia. Sonachi ndilo linalopokea sehemu ya maji hayo, na kwalo njia kuu ya kutoka ni hewani. Waambie wanafunzi wafikirie sufuria ya maji ya chumvi inayotokota jikoni huku mtu akiongeza kikombe kila yanapopungua: mvuke unaondoka, chumvi inabaki, na kila kikombe kipya kinaongeza chumvi yake kidogo. Endelea hivyo kwa miaka mamia na utapata maji yenye pH ya 9 na kuzidi, yanayoteleza vidoleni na kuigeuza karatasi nyekundu ya litimasi kuwa buluu papo hapo. Samaki hawamo. Wafugaji wa Kimaasai wa upande huo wameyathamini maji haya kwa afya ya mifugo tangu zamani, na mtu anayejua jinsi ng'ombe wanavyotamani chumvi hatashangaa.

Rangi ya kijani ni viumbe hai. Ni bakteria wa kijani-buluu, viumbe wanaotumia jua kujitengenezea chakula kama mimea, na aliye maarufu kati yao ni Arthrospira, yule anayekaushwa na kuuzwa madukani kwa jina la spirulina. Huyo ndiye chakula cha heroe wadogo, ndege ambao Wakenya wengi huwaita flamingo. Sehemu ya ndani ya mdomo wa heroe ina chujio linalokamata nyuzi za Arthrospira zilizojikunja. Wakati mwingine Arthrospira hupungua na nafasi yake ikachukuliwa na chembe nyingine ndogo mno ambazo chujio hilo haliwezi kuzinasa. Maji yatabaki ya kijani, pengine kijani kuliko mwanzo, lakini heroe wataondoka. Kwa hiyo mkienda siku nyingine msiwakute, msikimbilie kusema ziwa limekufa. Heroe wa Afrika Mashariki huzungukazunguka kati ya maziwa ya magadi wakifuata chakula, na karibu wote huenda kuzaliana kwenye Ziwa Natron huko Tanzania. Sonachi kwao ni kituo kimoja tu kwenye mzunguko huo. Ninachosikitika ni kuona tabia ya kulipima ziwa kwa idadi ya ndege waridi walio kwenye picha, kwa sababu mambo mazito ya Sonachi yako chini ya uso wa maji.

Na hapo, mwalimu, naomba unipe nafasi, kwa kuwa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Mara nyingi maji ya Sonachi hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Maji ya chini yana chumvi zaidi, kwa hiyo ni mazito na hukaa sakafuni. Ya juu yana chumvi pungufu kidogo na huelea juu yake. Katika ziwa kubwa kama Naivasha, upepo wa alasiri hulikoroga ziwa zima. Sonachi limezungukwa na kuta za kasoko zinazoukinga upepo, tena ni dogo, upepo haupati mbio ndefu ya kuinua mawimbi yenye nguvu. Tabaka la chini huweza kukaa peke yake kwa miaka. Oksijeni humo huisha. Chochote kinachokufa juu huzama na kuoza humo, na mbolea yake, fosforasi na amonia, hujilimbikiza chini pamoja na gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Watafiti Sally MacIntyre na John Melack walieleza hali hii kwa kina mwaka 1982, na mwaka 1988 mwanasayansi Mkenya S. G. Njuguna akachapisha uchunguzi wake juu ya virutubisho na mwani wa ziwa hilihili. Ni ziwa dogo, lakini katika sayansi ya maziwa ya magadi limechunguzwa kuliko maziwa mengi yaliyo makubwa kuliko lenyewe mara mia.

Tabaka hizo hutegemea kupanda na kushuka kwa maji. Ziwa likipanda kwa sababu ya mvua na maji ya chini ya ardhi, maji mapya hutandaa juu ya yale mazito, na mgawanyiko unaimarika. Ziwa likishuka, uvukizaji hukoleza chumvi ya tabaka la juu mpaka tofauti kati yake na la chini inapotea, na hapo hata upepo wa kawaida unaweza kulikoroga ziwa mpaka chini. Yakichanganyika kwa ghafla, uchafu uliokuwa umefungiwa sakafuni huja juu. Oksijeni ya tabaka la juu hutumika yote, wadudu wa majini na viumbe wengine wanakufa, na mbolea iliyoibuka huamua upya ni mwani gani watakaotawala. Yaani kushuka kwa maji kwa mita moja au mbili huligeuza Sonachi kuwa ziwa la namna nyingine kabisa, hata kama bado limejaa maji machoni pa mgeni.

Haya si mawazo ya kubuni, yameandikwa kwenye tope. Katika miaka ya 1990 mtafiti Dirk Verschuren wa Ubelgiji na wenzake walichomoa nguzo ya tope kutoka sakafu ya Sonachi na kuisoma tabaka kwa tabaka: maganda ya mwani, mabaki ya wadudu, rangi za bakteria waliokufa zamani. Nguzo hiyo ilibeba historia ya karibu karne mbili, na ilionyesha ziwa likibadilika tena na tena, jamii moja ya viumbe ikiondoka na nyingine ikiingia, kadiri maji yalivyopanda na kushuka na kadiri tabaka zilivyoungana au kuachana. Mchumaji matunda na mfugaji wa wakati huo hawakuacha maandishi, tope liliandika.

Jirani yake, Oloiden, ametufanyia jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kuligharimia. Hapo zamani Oloiden lilikuwa ghuba ya Naivasha yenye maji yaleyale. Karibu mwaka 1980 maji yalishuka, nchi kavu ikajitokeza katikati, na Oloiden likajitenga. Lilianza kukolea. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000 lilikuwa limegeuka ziwa la chumvi lenye kijani kizito, na heroe wakaanza kuja. Safari ya kutoka maji ya kunywa hadi maji ya heroe ilichukua chini ya miaka 30, mbele ya macho ya watu walio hai hadi leo. Wanafunzi wako wanaweza kuwauliza wavuvi wa huko wakasimuliwa.

Sasa turudi kwenye ulinzi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua hifadhi za watu binafsi na za jamii, na hilo ni jema: bila hifadhi kasoko la Sonachi lingeweza kugawanywa viwanja. Lakini maji yote ya Kenya, yakiwemo ya chini ya ardhi, yako chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na kibali cha kuyachukua hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwenye hifadhi hana sauti juu ya kisima kirefu kinachochimbwa shambani kwa jirani, wala juu ya pampu iliyo kando ya Naivasha. Tangu kilimo cha maua kishamiri huko katika miaka ya 1980 na 1990, matumizi ya maji ya bonde hilo yameongezeka sana, pamoja na mji wenyewe. Mwaka 2009 ukame ulipokutana na matumizi hayo, Naivasha lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa miongo kadhaa. Nilipoona picha za kingo zilizokauka, wasiwasi wangu ulikuwa kwa Sonachi kuliko kwa Naivasha, kwa maana Naivasha lilikuwa na Malewa wa kulirudishia, na Sonachi lilikuwa na Naivasha tu.

Baada ya hapo kulitengenezwa mpango wa kugawa maji ya bonde la Naivasha ambao unatumia kiwango cha ziwa kama taa za barabarani. Ziwa likiwa juu, wachukuaji maji huendelea. Likishuka kupita alama iliyowekwa, matumizi hupunguzwa kwa hatua. Kwa maoni yangu huu ndio ulinzi halisi wa Sonachi, ingawa jina la Sonachi huenda halitajwi kabisa wanapokutana wadau wa maji kuzozana juu ya alama hizo. Vivyo hivyo mkulima wa Wanjohi, juu kabisa kwenye miteremko ya Aberdare, anapopanda nyasi za kuzuia mmomonyoko ili Malewa usibebe udongo wake. Mashirika ya WWF, la uhifadhi, na CARE, la misaada, yaliwahi kuendesha mpango ambao watumiaji maji wa chini ya bonde waliwalipa wakulima kama huyo kwa vocha za pembejeo. Njia ni ndefu kutoka shamba lake hadi kwenye kasoko mliloteremkia, lakini ni njia ya maji yaleyale.

Usidhani pia kwamba maji mengi ni heri tupu. Tangu 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda kwa namna iliyowashtua wengi: Naivasha limeingia kwenye makazi ya watu ya Kihoto, Nakuru likafunika lango kuu la hifadhi yake, Bogoria likafanya hivyohivyo kwenye lango la Loboi. Magadi ya Nakuru yalizimuka, chakula cha heroe kikapungua, na makundi makubwa yakahama. Ziwa la magadi lina kiasi chake cha maji, na kuzidi ni hatari kama kupungua. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mvua zikija mambo yatajirekebisha yenyewe.

Ndani ya mpaka, kazi ya hifadhi ni kushikilia mimea ya kasoko, na hapo inastahili sifa. Vichaka vya leleshwa na miti ya migunga kwenye kuta zile huzuia majivu yasiporomoke kujaza ziwa ambalo tayari ni la kina kifupi. Leleshwa hutamaniwa na wachoma makaa, kwa hiyo usifikiri kubaki kwake ni jambo la kawaida katika eneo hilo. Migunga mirefu ndiyo nyumba na chakula cha mbega, mnyama ambaye ni nadra kutaka kutembea chini. Migunga hiyo nayo hunywa maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo maji hayo yakishuka kwa muda mrefu, hata mbega, ambao ungeapa kwamba wako salama ndani ya hifadhi, wataathirika.

Mkirudi huko, na natumaini mtarudi, ombeni ruhusa ya usimamizi kwanza, kisha mbebe vitu vinne: litimasi, kipimajoto, kisahani cheupe kilichofungwa kamba yenye mafundo ya kila sentimita kumi, na chupa mbili safi. Chupa moja mjaze Sonachi, nyingine mjaze Naivasha siku hiyohiyo. Kisahani mkiteremshe kwenye maji mpaka kisionekane, muandike kina hicho. Sonachi mtashangaa jinsi kinavyopotea mapema. Msiingie majini, msirushe droni juu ya ndege, na mtembee na mlinzi kwa sababu ya nyati. Shuleni, mimina maji ya kila chupa kwa kipimo sawa kwenye visahani viwili, uviache juani hadi vikauke, na uwaachie wanafunzi wapime kwa mizani kilichobaki. Nao wakiweka beseni la maji na kipimamvua uwanjani na kuvisoma kila asubuhi kwa muhula mmoja, watakuwa na takwimu zao wenyewe za kulinganisha na zile za mvua na uvukizaji nilizokupa hapo juu. Kiwango cha Naivasha kwa tarehe hizo kiombeni katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo Naivasha. Barua yenye muhuri wa shule inatosha kuanzia.